Naomba ushauri: winga wetu ameitwa Morocco, mkataba ni wa Kifaransa

Ndugu wanachama, mdogo wangu, winga wa kulia mwenye umri wa miaka 20 anayecheza Ligi Kuu ya Tanzania Bara, amepata ofa ya klabu ya daraja la pili nchini Morocco, na wakala anatuhimiza tusaini haraka mkataba wa miaka minne ulioandikwa kwa Kifaransa, lugha ambayo nyumbani hakuna anayeisoma. Njia hiyo si ngeni, kwani mchezaji Mtanzania Simon Msuva aliondoka Yanga mwaka 2017 kwenda klabu ya Morocco ya Difaâ Hassani El Jadidi, kisha mwaka 2020 akajiunga na Wydad Casablanca. Lakini yeye alianzia ligi kuu ya huko, na hapo ndipo wasiwasi wangu ulipo: je, klabu ya daraja la pili itamlipa mshahara kwa wakati? Kanuni za FIFA humruhusu mchezaji asiyelipwa mishahara ya miezi miwili kuvunja mkataba, baada ya kuipa klabu notisi ya maandishi ya angalau siku 15, ila kijana ataishije ugenini wakati kesi inaendelea? Je, tudai kwanza mkataba wa mwaka mmoja? Na leseni ya FIFA ya wakala huyu tunaithibitishaje kabla hatujasaini?