Tupeane uzoefu: mliofeli kidato cha nne, imani iliwashika vipi?

Kijana wa Tukuyu:
Shalom wapendwa. Mdogo wangu kapata divisheni ziro. Tangu matokeo yatoke hali chakula vizuri, hasali, kwaya kaacha. Nimekumbuka mwaka wetu. Matokeo ya 2012 yalipotangazwa Februari 2013, karibu asilimia 60 ya watahiniwa waliangukia ziro. Nami nilikuwa humo, na D moja tu, ya Kiswahili. Mei serikali ikayafuta na kuyapanga upya, wengine wakapanda, mimi nikabaki palepale.

Kuyaona matokeo kwenye kafe ya intaneti nilivumilia. Kilichonimaliza ni Jumapili iliyofuata. Mchungaji aliita waliofaulu waende mbele waombewe. Wakatoka wachache, kanisa likapiga makofi na vigelegele, sisi wengine wa kwaya tukabaki kwenye mabenchi tumeinamisha vichwa. Baba alikuwa mzee wa kanisa, amekaa safu ya mbele. Hakugeuka kunitazama. Baada ya hapo nikawa natoka shambani giza limeshaingia ili nisikutane na mtu. Kila aliyenipata alinisomea Yeremia 29:11, ile ya mawazo ya amani na tumaini, akaenda zake.

Aliyenitoa ni bibi mmoja wa umoja wa akina mama, hajui kusoma. Alinikuta napalilia mahindi, akashika jembe, akaanza mstari wa pembeni bila neno. Jua lilipokuwa kali akaniuliza, "Petro alipokwisha kumkana Bwana, alirudia kazi gani?" Nikasema kuvua. "Na Bwana alimfuata wapi?" Nikasema hukohuko ufukweni. "Haya palilia, atakukuta hapahapa." Siku ile sikuomba, ila nilikula. Baadaye nikaenda chuo cha ufundi cha VETA, ufundi umeme, na leo nyumba za watu zinawaka. Ile ziro Mungu hakuibadilisha. Alinifuata nikiwa nayo. Wenzangu, kwenu ilikuwaje?

Mama Wawili:
Umenitoa machozi kaka. Hilo la kuita waliofaulu mbele ya wenzao likome makanisani.

Mtumishi Mdogo:
Bwana Yesu asifiwe. Naomba Yeremia 29:11 isidharauliwe. Ndiyo iliyonisimamisha mimi nilipofeli.

Msomaji wa Neno:
Hakuna anayeidharau mtumishi, ila anza aya ya 10. Wale Wayahudi waliohamishwa waliambiwa miaka 70 Babeli. Na aya ya 5 wanaambiwa wajenge nyumba, wapande bustani, wale matunda yake. Mtoto aliyelia jana ukimpa ya 11 peke yake, atadhani kesho asubuhi mambo yamenyooka. Yasiponyooka atasema Mungu ni mwongo.

Mtumishi Mdogo:
Imani haihesabu miaka.

Msomaji wa Neno:
Danieli aliihesabu. Danieli 9:2. Akaihesabu, kisha akafunga na kuomba.

Chaki Nyeupe:
Nimefundisha shule ya kata. Zilijengwa kwa haraka kuanzia 2006, majengo yakatangulia walimu. Fizikia tulikuwa hatuna mwalimu kabisa, maabara chumba kitupu. Msiwafanye watoto watubu kwa kosa lisilo lao.

Kijana wa Tukuyu:
Shikamoo mwalimu. Sikutubu kwa kufeli. Ila hata nilipojua tumefeli wengi, aibu ilikuja kulala kwetu.

Chaki Nyeupe:
Marahaba mwanangu. Hapo nimekuelewa.

Sina Jina:
Sikutaka kuandika. Mimi nilifeli zamani, nikanunua cheti. Nikaingia serikalini, nikaoa, nikawa mweka hazina wa kanisa. Aprili 2017 Rais Magufuli alipokabidhiwa ile ripoti ya uhakiki Dodoma, watumishi 9,932 wa vyeti vya kughushi, nilikuwa mmoja wao. Mke wangu alijua siku hiyohiyo niliyojua mimi kwamba nimebainika. Mshahara ukakatika, mkopo benki ukabaki. Nilimwendea mchungaji usiku nikamwambia kila kitu. Hakunibembeleza. Akasema, "Zakayo alirudisha bila kukamatwa, wewe umekamatwa kwanza. Lakini nyumba yake na yako Yesu anaingia kwa mlango uleule." Jumapili nikakabidhi vitabu vya hazina mbele ya baraza la wazee. Nikajiandikisha kurisiti, yaani kurudia mtihani, nakaa darasani na watoto wanaolingana na mwanangu. Nikapata foo, divisheni ya nne. Ni yangu. Nauza nafaka sokoni na nalala usingizi.

Mkweli Daima:
Ulimziba mwenzako aliyesoma kwa haki. Usitulainishe na Zakayo.

Sina Jina:
Ni kweli ndugu. Sina la kujitetea.

Mama Wawili:
Mwacheni aseme. Na mkeo?

Sina Jina:
Alirudi kwao mwaka mzima. Sasa yupo, tunapima mahindi pamoja.

Mkweli Daima:
Bado ninaumia kwa sababu dada yangu alikosa ajira miaka hiyo. Ila hiyo foo hongera.

Binti wa Kwaya:
Jamani turudi kwa mdogo wake. Arisiti haraka kabla kichwa hakijapoa.

Fundi Seremala:
Asirisiti. Miaka miwili anakariri kilekile. VETA, au anifuate mimi karakana, randa haiulizi divisheni.

Mama Wawili:
Kwanza ale. Mpeleke kwa shangazi mwenye ng'ombe, maziwa yana upako wake.

Msomaji wa Neno:
Mwambie habari ya Yohana Marko. Aliwaacha akina Paulo Pamfilia, akarudi zake. Safari iliyofuata Paulo akamkataa kabisa, mpaka akagombana na Barnaba. Miaka baadaye, gerezani, Paulo huyohuyo anamwandikia Timotheo amlete Marko, kwa kuwa anamfaa kwa utumishi. Katikati hapo kuna Barnaba, aliyemchukua wakaenda Kipro wakati hafai kwa mtu. Wewe kaka yake ndiye wa kwenda naye Kipro.

Kijana wa Tukuyu:
Nimeipokea. Jumamosi nina kazi ya kusuka nyaya nyumba ya vyumba vinne, nitamchukua anishikie ngazi. Kwaya sitamlazimisha. Chaki Nyeupe, kama unajua kituo cha kurisiti jioni Mbeya mjini chenye mwalimu wa hesabu anayeingia darasani kweli, naomba uniandikie pembeni.

Chaki Nyeupe:
Kipo. Nakutumia sasa hivi.