Nikimuuliza "unataka maji?" na yeye ananijibu "unataka maji?"

ummu_chake: Asalaam alaykum wenzangu. Kijana wangu ana miaka 5, daktari kashatwambia ana usonji, ile autism. Maneno anayo tena mengi ila hayendi unapotaka wewe, nikimwambia unataka maji anarejesha vilevile, mtu akimwambia hujambo na yeye hujambo. Wageni wakikaa sana anawasimamia mbele anapiga kelele "shusha hapoo!" kama konda wa gari ya Wete, watu wanacheka mie naona haya. Chuoni Alhamdu anaisoma yote lakini kunambia mama tumbo linaniuma hawezi. Bibi yake anasema makusudi hayo.

baharia77: Mnamdekeza. Asipojibu sawa asipewe maji uone.

mwl_kiuyu: We baharia usimnyime maji mtoto wa watu, ashajibu huyo! Kila akiletewa kikombe anachosikia ni "unataka maji", sasa kwake ndo kuomba kwenyewe. Daktari mmoja wa watoto wenye usonji, jina lake Leo Kanner, aliandika habari za watoto 11 kule Marekani mwaka 1943 na hili alilitaja, mtoto anajiita "wewe" kama anavyoitwa na wakubwa. Na kwetu tofauti ni ka-silabi tu kule mwanzo, unataka, nataka, kanapita mbio. Mie watoto wa hivi siwaulizi, nampa mtoto kikombe huku nasema kwa niaba yake "nataka maji", basi, na simshiki arudie. Halafu 1981 watafiti wawili, Prizant na Duchan, waliwarikodi watoto wenye usonji wakaona huku kurudiarudia kuna kazi 7 mbalimbali, mara anaomba, mara ndo "ndio" yake, mara anajiongoza mwenyewe kwa anachofanya, mara anashika zamu yake tu mazungumzo yasikatike. Hiyo shusha hapo wallahi mie naielewa, kachoka na wageni anataka kuteremka 😂

ummu_chake: Subhanallah, hata harusini kaisema, ngoma zilipozidi! Na maumivu je?

mama_wawili_unguja: Wangu alikuwa hivyo, sasa msikilize siku akiumwa anasema nini maana pengine neno analo ila la kwake, wangu alikuwa anasema "meza, meza" nnavyomwambia nikimpa dawa. Pia mchoree mtu kwenye karatasi umfundishe kugusa panapouma, tena mfundishe akiwa mzima, akishaanza kulia hasikii kitu. Na masikio kama hajapimwa mpeleke.