Tulipu nyekundu zinatoka bonge la rangi, nyuma magari tu. Nirekebishe nini?

mtaa_wa_pili: Wakuu, majira ya kuchipua ndiyo haya, bustani za mbele ya nyumba zimejaa tulipu. Kwa macho petali zina mishipa, kwenye picha naona doa jekundu tu. Nyuma kuna magari na mapipa ya taka. Natumia lenzi ya mm 50 kwa f/1.8 (tundu la lenzi wazi sana), saa sita mchana.

Shata: Mkuu, kamera haina kosa. Mita, yaani kipimo cha mwanga cha kamera, inapima fremu nzima. Ikikuta majani na udongo wa giza inaongeza mwanga, na chaneli nyekundu (sehemu ya picha inayobeba rangi hiyo) inajaa kabla ya nyingine. Ikijaa kabisa, mishipa inaweza kupotea hata kwenye RAW (faili ghafi la kamera). Shusha fidia ya mwanga (kitufe cha +/-) hadi -0.7 au -1, kisha fungua histogramu (grafu ya mwanga) ya rangi tatu. Ile nyeupe, ya mwangaza wa jumla, inadanganya: itaonekana salama wakati nyekundu imeshagonga ukuta wa kulia. Maua meupe ni kinyume, yakijaza fremu ongeza +0.7, la sivyo yatatoka kijivu.

bi_lenzi: Hiyo f/1.8 nayo iache. Ukisogea hadi sentimita 45 toka kwenye ua, sehemu iliyo kali haifiki hata sentimita 1: ukingo wa mbele unapata fokasi, katikati ya ua ukungu. Nenda f/5.6, tundu dogo zaidi. Magari hayaondolewi na f, yanaondolewa na miguu. Chuchumaa lenzi ilingane na ua, halafu sogea nusu hatua kushoto au kulia mpaka nyuma yake pawe na wigo wa miti au ukuta ulio kivulini, mita 3 hivi nyuma. Usishuke mno; utapata anga jeupe na ua jeusi.

Shata: Na jua la saa sita likatae. Mwavuli mweupe juu ya ua unatosha. Wa rangi utapaka petali rangi yake.

mtaa_wa_pili: Asanteni. Upepo je? Na uzio wa waya?

bi_lenzi: Upepo: kasi ya 1/500 ya sekunde, ISO (unyeti wa kamera kwa mwanga) 800 bila woga, na piga mfululizo ua linapotulia mwisho wa kuyumba. Uzio: gusisha lenzi kwenye tundu la waya, usiingize mkono wala kukanyaga tuta la watu. Asubuhi ya baridi usishangae kukuta tulipu zimejifunga. Zinafunguka joto likipanda, kwa hiyo vikombe vilivyofungwa piga mapema, vilivyo wazi subiri.