Fondyu inanikatikia na wakwe wanakuja Jumamosi, naombeni ushauri

Mpwani Ughaibuni: Wakuu, salaam. Niko Fribourg, Uswisi. Jumamosi napokea wakwe kutoka Tanga, mara yao ya kwanza huku. Baba mkwe kasema wazi pilau kaiacha kwao, anataka wanachokula wenyeji. Nimeamua iwe fondyu, yaani jibini la kuyeyushwa chunguni mnalochovya mkate, ya nusu Gruyère nusu Vacherin Fribourgeois, jibini mbili za huku. Shida, kila nikijaribu inakatika: mafuta yanapanda juu, jibini linajikusanya chini na kuvutika kama mpira. Tutakuwa wanne. Usingizi sipati.

Fundi Sufuria: Punguza moto, mkuu. Jibini halitaki kuchemka. Sugua kitunguu saumu ndani ya chungu, pasha mvinyo mweupe, ingiza jibini lililokunwa kidogo kidogo huku unakoroga kwa mwiko wa mbao. Kwa wanne weka jibini gramu 800, mvinyo mililita 300 hadi 400, wanga wa mahindi vijiko 3 vya chai, mwishoni kungumanga. Mvinyo haupo kwa ajili ya harufu tu, asidi yake ndiyo inayolilainisha jibini. Wewe umetumia upi?

Mama Wawili: Wazazi watoke Tanga uwape mkate na jibini? Mama yangu alipokuja kwangu Dodoma nilimpikia piza. Akala kipande, akanyamaza. Usiku nikamsikia jikoni anakoroga uji. Pika wali wa nazi, fondyu wakaionje hotelini.

Kijiti: Chungu kimoja watu wanne, uma wako unagongana na wa baba mkwe! Mkate wako ukizama humo unamwambiaje mzee?

Bint Pangani: Kijiti, sinia moja ya biriani mnakulaje kwenu? Kuchovya pamoja siyo ajabu kwa mtu wa Tanga.

Fundi Sufuria: Mleta uzi, hujanijibu. Mvinyo gani?

Mpwani Ughaibuni: Sikuweka mvinyo, niliweka maji.

Fundi Sufuria: Kwa nini?

Mpwani Ughaibuni: Wakwe ni Waislamu, na mzee ni mtu wa msikitini. Ila hilo lisiwape shida, nimeshanunua pakiti ya dukani iliyo tayari, ina mvinyo na kirsch, pombe kali ya cheri, ndani. Pombe ikipikwa inaruka yote. Nataka tu kujua namna ya kuipasha isikatike. Mke wangu sijamwambia, sioni haja ya kumtia presha.

Ustadh Makorora: Kumbe swali ni la amana! Mgeni anakula kwako kwa kukuamini. Na hairuki yote: chakula kilichochemka na pombe dakika 15 hubaki na karibu asilimia 40 ya pombe hiyo. Fondyu haipikwi hata muda huo. Na hata ingeruka yote, uamuzi ni wa mzee mwenyewe.

Mpwani Ughaibuni: Ustadh, nakuheshimu. Lakini mzee kaomba chakula cha wenyeji, na wenyeji ndivyo wanavyopika. Nikitoa mvinyo haitakuwa fondyu.

Bwana Maziwa: Si kweli kabisa. Hapo hapo Fribourg kuna fondyu ya Vacherin peke yake, inayeyushwa kwa maji, haina tone la mvinyo, na ni ya wenyeji hasa. Vacherin ni laini, inayeyuka kwa moto mdogo mno. Ikichemka tu umeiharibu. Kilichokukwamisha ni Gruyère ndani ya maji matupu bila asidi. Ukiitaka hiyo, kamulia limau.

Chungu Kitatu: Chai hii. Anaishi Fribourg halafu haijui fondyu ya Fribourg? Juzi alileta uzi wa banda la kuku Kibaha. Hakuna Uswisi, hakuna wakwe.

Kijiti: Nami nilihisi. Weka picha ya chungu.

Mama Wawili: Iwe chai isiwe chai, wali wa nazi nausimamia.

Mpwani Ughaibuni: Banda ni la mdogo wangu, mimi ndiye ninayelilipia. Huku nafanya kazi za usiku kwenye nyumba ya wazee, nyumbani tunapika chakula chetu. Picha za nyumbani kwangu siweki.

Chungu Kitatu: Basi tuambie, kinachobaki chini ya chungu wenyeji wanakiitaje?

Mpwani Ughaibuni: La religieuse. Ni ukoko, wa rangi ya dhahabu, unabanduliwa kwa kisu mnagawana. Wazee kazini wanaugombania.

Chungu Kitatu: Hilo hata intaneti inalo.

Bwana Maziwa: Mimi namwamini. Kuna jambo lingine hamjaligusa: Gruyère inagandishwa kwa kigandishi kitokacho tumbo la ndama. Wapo Waislamu wasiojali, wapo wasioila kabisa. Na hiyo Vacherin, mwulize muuzaji imegandishwa kwa nini.

Mpwani Ughaibuni: Sasa hilo nimuulize nani, mkwe?

Ustadh Makorora: Mkeo. Leo.

Mpwani Ughaibuni: Yuko zamu, akirudi nitamwuliza. Pakiti bado naiweka, siitupi. Vacherin ya wanne ni kiasi gani?

Bwana Maziwa: Gramu 800 zile zile, maji mililita 100 na ushee. Nunua mkate leo ili Jumamosi uwe umekauka kidogo, na uchemshe viazi.