Kitanzi cha C kinachosoma nje ya safu

Swali: Habari za kazi, wakuu. Nimetangaza safu (array) ya kudumu `int alama[5]`, na kitanzi (loop) kinachotafuta namba ndani yake kina sharti `i <= 5`. Nikikompaili kwa `-O2` (chaguo la kuifanya programu iende kasi zaidi), jibu huwa "ipo" daima, hata kwa namba isiyokuwamo. Je, kompaila ina hitilafu?

Jibu: Hapana, ndugu. Safu yako inaishia `alama[4]`, kwa kuwa C huhesabu kuanzia 0. Kusoma `alama[5]` ni tendo ambalo kiwango cha C hakikulipangia matokeo yoyote, kwa hiyo kompaila ina haki ya kudhani kwamba halitatokea. Ikishadhani hivyo, inahitimisha kwamba namba lazima ipatikane kabla ya hapo, inafuta ulinganisho wote na kurudisha 1, yaani "ipo". Ni ukatili, lakini ni halali.

Jibu: Naongezea: ondoa `-O2`, weka `-g -fsanitize=address` (kikaguzi cha matumizi ya kumbukumbu), kisha tafuta namba isiyokuwamo, na programu itasimama ikionyesha mstari uliosoma nje ya safu. Heartbleed, hitilafu ya usalama iliyofichuliwa mwaka 2014 katika OpenSSL (maktaba ya usimbaji wa mawasiliano), ilikuwa usomaji wa aina hiihii: urefu uliotajwa na mtumaji haukukaguliwa, na hadi kilobaiti 64 za kumbukumbu zilivuja kwa kila ombi.

Muulizaji: Ahsanteni. Ripoti imetaja mstari unaosoma `alama[i]` ndani ya kitanzi, nami nimeliandika upya sharti kuwa `i < 5`.