Zebaki ya hewani: deni ni la aliyechoma au la aliyenunua?

MPIMAJI: Mtambo wa umeme wa makaa ya mawe ukitoa zebaki, hesabu inaandikiwa mkoa ulipojengwa. Sasa angalieni China: makaa yanachomwa Shanxi na Mongolia ya Ndani, umeme unapelekwa kwa nyaya hadi Jiangsu, viwanda vya huko vinatengeneza bidhaa, bidhaa zinapakiwa melini. Moshi umebaki kulekule kwa mchomaji. Mimi nasema deni lifuate bidhaa hadi kwa mtumiaji wa mwisho. Nyie je?

BWANA HESABU: Hayo yanapendeza kwenye karatasi. Majedwali ya biashara, yale ya nani kamuuzia nani, yanafuata pesa, hayafuati zebaki. Mitambo miwili inauza umeme kwa bei moja, mmoja una vichujio, mwingine hauna, jedwali linaiona sawa. Halafu mnasahau kwamba nusu ya zebaki yote ni ya wachimbaji wadogo wa dhahabu. Hao hawana cha mnyororo wa biashara, ni ujinga wao tu.

KOLEO: Ujinga? Hilo neno lirudishe, mkuu. Nimechoma zebaki kwa mikono hii. Donge jeupe la zebaki iliyonasa dhahabu unaliweka kwenye koleo, moto chini, unajitahidi kukaa upande upepo unakotoka. Linafuka, linabadilika taratibu hadi linakuwa la manjano, lina vitundu vitundu. Zebaki yenyewe aliniletea mnunuzi wa dhahabu, kwa mkopo, kwa sharti nimuuzie yeye peke yake. Akifika dukani kwake donge analichoma tena kabla ya kupima. Huo si mnyororo ni nini?

BINTI MAABARA: Na si nusu, Bwana Hesabu. Tathmini ya Umoja wa Mataifa ya 2018 ilikadiria tani 2,220 hivi zilizoingia hewani mwaka 2015 kutokana na shughuli za binadamu. Wachimbaji wadogo walikuwa asilimia 38 hivi.

BWANA HESABU: Haya, 38. Bado ndio wanaoongoza. Na kipo chungu cha chuma chenye bomba la kupozea mvuke, zebaki inarudi kuwa kimiminika. Kwa nini hukukitumia?

KOLEO: Kwa sababu chungu kikifungwa hakuna anayeona dhahabu. Tulikuwa wanne tunagawana, kila mtu kakodoa macho. Nani angekubali ifichwe? Na mnunuzi kasimama pale anaharakisha. Uje ukae pale siku moja, ndipo uniambie habari za ujinga.

MAMA WAWILI: Mnabishania koleo, mimi nilipokuwa mjamzito niliambiwa nipunguze jodari. Sijachoma kitu. Mvuke ukikaa hewani miezi na miezi, ukashuka baharini, unaishia kwa samaki wakubwa. Ndiyo Minamata ileile, mji wa Japani ambako watu waliugua kwa kula samaki wenye zebaki.

BINTI MAABARA: Dada, Minamata yalikuwa maji machafu ya kiwanda, si hewa. Ugonjwa ulitambuliwa 1956.

MAMA WAWILI: Mtoto aliyeathirika tumboni anajali ilipitia bomba au upepo?

MPIMAJI: Jamani, turudi kwenye swali. Mkataba wa Minamata wa 2013, ule wa mataifa kuhusu zebaki, unadai kibali cha maandishi cha nchi inayoletewa zebaki. Ila saruji, umeme na dhahabu vinapita bila mtu kuuliza vilitoa zebaki kiasi gani.

BWANA HESABU: Neno “ujinga” nalifuta, Koleo. Lakini vichujio vinafungwa kwenye mtambo, havifungwi kwa mnunuzi.

KOLEO: Basi avilipie. Mimi mnunuzi wangu namjua kwa sura, na hakuna daftari lolote la zebaki lenye jina lake.