Hoteli ya kisasa Kisumu mjini kwa wazee na watoto: nichague chumba vipi?

BintiLanet

Habari zenu wadau. Tunatoka Nakuru Ijumaa, tunarudi Jumapili. Tuko sita: baba (74), mama (70, magoti yanamsumbua), mimi na mume wangu, na watoto wa miaka 11 na 6. Tunataka hoteli yenye hadhi Kisumu mjini: bwawa la kuogelea, chakula cha maana na mahali pa kuketi jioni tukitazama ziwa. Nimebaki na tatu ambazo bei zinakaribiana na picha zote zinameremeta, kwa hivyo picha hazinisaidii tena. Chumba kinachotazama ziwa kinaongezwa elfu mbili kwa usiku. Kinastahili? Na kabla sijatuma pesa, niwaulize nini hasa?

ZamuYaUsiku_Mapokezi

Dada, ukishapata hoteli tatu za kiwango kimoja, acha kulinganisha hoteli, anza kulinganisha vyumba. Ndani ya jengo moja kuna chumba utakacholala fofofo na kingine utakachokesha, na bei ni ileile.

Tuanze na ziwa. Liko magharibi na kusini-magharibi mwa mji, kwa hivyo dirisha la upande huo hupigwa na jua kuanzia saa nane mchana mpaka linapotua, saa kumi na mbili na nusu hivi. Kisumu iko mita 1,130 tu juu ya usawa wa bahari na mchana joto ni nyuzi 29 au 30. Ule ukuta wa kioo unaopendeza kwenye picha ndio unaogeuza chumba kuwa tanuri. Ukirudi saa moja usiku na kuwasha kiyoyozi, hewa inapoa upesi lakini kuta bado zinatoa joto, ndiyo maana watu husema kiyoyozi ni kibovu. Si kibovu, kimechelewa. Funga mapazia mazito kabla ya adhuhuri, na uwaombe wahudumu wakiwashe saa tisa. Hapa kuna mtego: hoteli nyingi mpya stima ya chumba inategemea kadi ya mlango iliyochomekwa ukutani. Ukitoka na kadi, kila kitu kinazimika. Omba kadi ya pili ibaki ndani.

Wazee wawekee upande wa mashariki. Jua litawaamsha asubuhi, ambayo kwa umri wao si shida, na alasiri chumba kiko kivulini.

Ghorofa nayo ina hesabu yake. Kati ya mji na maji kuna reli, bandari na maghala, kwa hivyo "kutazama ziwa" ukiwa ghorofa ya pili mara nyingi ni kutazama mabati. Uliza nambari ya ghorofa kabla ya kulipa hizo elfu mbili. Lakini ukipanda juu, uliza swali la pili papo hapo: stima ikipotea, jenereta inabeba nini? Usikubali jibu la "tuna jenereta". Kuna zinazobeba taa na jokofu za jikoni tu. Uliza kwa majina: lifti? kiyoyozi cha vyumbani? pampu ya maji? Mama mwenye magoti akiwa ghorofa ya sita na lifti imesimama, hiyo si likizo tena.

Na ngazi hazionekani kwenye picha. Kuna majengo ambayo lifti inaanzia ghorofa ya kwanza, yaani unapanda ngazi kumi kutoka barabarani ndipo uifikie. Kuna mengine ambayo mkahawa uko juu ya paa na lifti inaishia ghorofa moja chini yake. Waulize: "Kutoka pale gari linaposimama hadi kitandani, na kutoka kitandani hadi meza ya kiamsha kinywa, kuna ngazi ngapi?"

Bafu ni muhimu kuliko kitanda. Hoteli zinazojali urembo hupenda beseni la kuogea lenye shawa juu yake, na kuingia humo lazima uinue mguu hadi karibu na goti. Omba chumba chenye shawa isiyo na kizingiti, chuma cha kushikilia ukutani na mkeka wa mpira. Wakutumie picha ya bafu la chumba hichohicho, si la chumba cha maonyesho.

JaKisumo_77

Omera Mapokezi amesema kweli, ila kuhusu ziwa mimi ningelipia chumba kimoja tu, kile chenu na watoto, na kiwe na roshani ya kuketi watu wanne. Kama ni dirisha lisilofunguka, acha. Na msishangae mkikuta ziwa limekuwa shamba la kijani. Gugu maji husukumwa na upepo ndani ya Ghuba ya Winam: leo limejaza upande wa mji, kesho limehama. Hakuna mapokezi anayeweza kukuahidi maji ya buluu.

Hujasema hoteli zako ziko mtaa gani, na hilo ndilo linaloamua usingizi. Katikati ya mji, Jomo Kenyatta Highway, Oginga Odinga Street na Achieng Oneko ambako kuna Acacia Premier, unapata majengo marefu, lifti, na kila kitu karibu, lakini unapata pia muziki wa wikendi. Omba chumba kisichotazama barabara, na kama baa iko juu ya paa, kaa angalau ghorofa mbili chini yake. Besi hupita kwenye zege. Milimani ni kutulivu, miti mingi, majengo mafupi, na ni karibu na hifadhi ya wanyama ya Impala. Dunga ndiko ziwa lenyewe lilipo, ila si mjini tena na mbu wanaongezeka. Riat, juu ya barabara ya Kakamega, kuna upepo wa baridi usiku na unaona mji na ziwa kwa pamoja, lakini kila ukitaka kitu unashuka na gari kupitia Mamboleo na Kondele.

Kwa familia yako ningechagua Milimani. Mjini ni kwa watu wa mikutano.

Speaking ya mikutano, naam: warsha na semina hujaza hoteli za mjini Jumatatu hadi Ijumaa. Wikendi vyumba vinabaki, kwa hivyo uliza wazi bei ya wikendi, hawaitaji wenyewe. Kwa hoteli yenye bustani ni kinyume: Jumamosi ni harusi. Uliza, "Jumamosi hiyo kuna shughuli gani bustanini, na spika zinazimwa saa ngapi?" Uliza pia kama bwawa linapokea watu wa nje Jumapili. Likipokea, watoto wako waogelee asubuhi kabla ya saa nne, baada ya hapo hakuna nafasi ya hata kugeuka.

BintiLanet

Hapo nimefunguka macho. Ziko mbili mjini na moja Milimani. Hii ya Milimani imenijibu hivi: HB 9,500 kwa mtu mmoja wakiwa wawili chumbani, BB 7,800, watoto chini ya miaka 12 nusu bei. Wanataka nusu ya pesa sasa. Nichukue ipi? Na nipitie programu ya kuhifadhi vyumba au niongee nao moja kwa moja?

HesabuNiHesabu

BB ni kulala na kiamsha kinywa, HB inaongeza mlo mmoja, kwa kawaida chajio.

HB: watu wazima 4 × 9,500 = 38,000, watoto 2 × 4,750 = 9,500. Jumla 47,500 kwa usiku, siku mbili 95,000.
BB: 4 × 7,800 = 31,200, watoto 2 × 3,900 = 7,800. Jumla 39,000, siku mbili 78,000.

Tofauti ni 17,000 kwa vyajio 12, kama 1,400 kwa sahani, na vinywaji havimo. Kama usiku wote mtakula hotelini, si mbaya. Mkila samaki nje usiku mmoja tu, mmetupa 8,500. Chukua BB, kisha uliza kama wanaweza kukuongezea chajio cha Ijumaa peke yake, siku mtakayofika mmechoka.

Sasa swali la maana zaidi: hiyo bei ina kodi ndani? VAT ni asilimia 16 na ushuru wa utalii asilimia 2. Zikiwa nje, 78,000 yako inakuwa 92,040, na wengine wanaongeza ada ya huduma juu yake. Pia hakikisha hiyo ni bei ya wakazi, na kila mtu mzima abebe kitambulisho.

"Nusu bei" ya mtoto nayo ichunguze. Aghalabu inahesabiwa mtoto akilala chumba cha wazazi. Watoto wawili na watu wazima wawili chumba kimoja, vitanda vya ziada vitaingia? Uliza kitanda kikubwa ni sita kwa sita au tano kwa sita, na cha ziada ni kitanda au ni godoro la sakafuni. Majina kama "deluxe" na "executive" hayana kipimo, kila hoteli ina maana yake.

Programu ya kuhifadhi itumie kuona bei na sharti la kughairi, kisha piga simu ya mapokezi useme umeona bei hiyo. Hoteli hukatwa kamisheni na programu, kwa hivyo ina nafasi ya kukupunguzia au kukuongezea kitu: chajio, kuingia mapema, chumba cha juu zaidi. Anayekujibu simu ya mapokezi ndiye anayegawa vyumba. Programu haijui chumba gani kiko juu ya jenereta.

Pesa za awali tuma baada ya kupata barua pepe yenye majina, tarehe, aina ya chumba, ghorofa, mpango wa chakula, jumla pamoja na kodi, na siku ya mwisho ya kughairi. Lipa kwa Paybill au till yenye jina la hoteli, kamwe si kwa nambari ya mtu. Kuna kurasa za uongo zinazoiba picha za hoteli halisi, kwa hivyo nambari itoe kwenye tovuti yao, si kwenye tangazo. Soma jina linalotokea kabla ya kuweka PIN. Ukikosea, peleka ule ujumbe wa M-Pesa kwa 456 mara moja, kabla pesa hazijatolewa.

NyarDunga

Hamjagusia mbu, na wageni wetu wanatoka Nakuru. Kisumu iko kwenye ukanda wa malaria wa ziwa, na mtu wa nyanda za juu hana kinga ya mwenyeji. Hoteli za kisasa nyingi zimeondoa neti kwa sababu inaharibu sura ya chumba, zinapuliza dawa jioni. Ombeni neti kwa maandishi mnapohifadhi. Kiyoyozi hakiui mbu, kinamfanya awe mvivu tu. Mpelekeni mzee na mtoto wa miaka 6 kwa daktari au mfamasia wiki moja kabla ili washauriwe kuhusu dawa za kinga, hasa kama baba anatumia dawa nyingine. Mkirudi, homa yoyote kuanzia siku ya saba, hata wiki kadhaa baadaye, ni kipimo cha malaria kwanza na mwambieni daktari mlikuwa Kisumu.

Vile vijidudu vidogo vitakavyowajia kwenye taa ni sami, haviumi. Vinainuka ziwani kama moshi. Zima taa ya roshani na ufunge dirisha jua likizama, vitaenda kwa jirani.

Samaki: piga simu mahali unapoenda kula saa moja kabla, useme ngege (tilapia) wangapi na wa ukubwa gani, wa kukaanga au wa mchuzi. Mkifika watu sita bila taarifa mtasubiri dakika arobaini watoto wakilia. Mtoto mdogo mpeni mbuta (sangara), ni minofu isiyo na miba midogo.

Mashua ni asubuhi, kabla ya saa tatu. Alasiri upepo unatoka ziwani na maji yanachafuka, na jioni radi huwa hazina hodi. Jaketi la kuokolea la mtoto liwe saizi yake. La mtu mzima linamtoka kichwani akianguka. Mama asipande, kuingia mashuani ni kuruka ukingo. Watoto wasikanyage maji ya ufukweni penye nyasi, konokono wa kichocho wanaishi humo. Kwa mama, Impala ni bora, mwendo ni mfupi na anaweza kupumzika. Malipo ya KWS, shirika la wanyamapori linaloisimamia, ni kwa eCitizen, tovuti ya malipo ya serikali, fungueni akaunti mkiwa nyumbani.

BintiLanet

Ero kamano Nyar Dunga, nanyi nyote. Nimewapigia wale wa Milimani: bei ina kodi, neti ipo, jenereta inabeba lifti lakini si viyoyozi vya vyumbani. Jumamosi kuna harusi, spika hadi saa nne usiku. La mwisho: tukiondoka Nakuru saa ngapi?

ZamuYaUsiku_Mapokezi

Saa nne si mbaya. Waombe vyumba vya upande wa pili wa jengo, na kwa sababu viyoyozi vitazimika stima ikikatika, sisitiza mashariki na dirisha lenye wavu linalofunguka.

Vyumba hutolewa saa nane mchana. Ondokeni saa tatu asubuhi. Njia ya Salgaa, Mau Summit, Kericho, Awasi na Ahero ni saa nne hivi, malori ya mlima wa Mau yakiwaruhusu. Mkiwa Ahero pigeni simu ya mapokezi mseme chumba cha wazee kiandaliwe kwanza. Jumapili kutoka ni saa nne asubuhi. Msiombe nyongeza ya muda, pitieni Kericho kabla ya mvua ya alasiri na ukungu wa huko juu.